Walinzi wa Kentucky na ugumu wa kutabiri kabla ya msimu

Oktoba 2023, wiki chache kabla ya msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kufunguliwa, waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la AP waliiweka Kentucky nafasi ya 16. Kwa chuo chenye mataji manane ya taifa, nafasi hiyo ilikuwa na heshima yake na shaka yake. Shaka iliwahusu vijana wa mwaka wa kwanza, na hasa walinzi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba timu itasimama au kuanguka nao.

Miezi minane baadaye, usiku wa drafti, ambapo timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, huchagua vijana kwa zamu, walinzi wawili wa timu ile walichukuliwa ndani ya nafasi nane za kwanza: Reed Sheppard namba 3, Rob Dillingham namba 8. Wote wawili walikuwa wametumia sehemu kubwa ya msimu wakitokea benchi. D.J. Wagner, aliyetajwa kuliko wote kabla ya msimu, hakuchukuliwa na timu yoyote. Alikuwa njiani kuhamia chuo kingine. Na Kentucky yenyewe ilikuwa imetolewa katika raundi ya kwanza ya mashindano ya NCAA, yale ya kuwania ubingwa wa taifa wa vyuo, na Oakland, chuo cha Michigan ambacho mashabiki wengi wa Marekani wenyewe wangepata shida kukionyesha kwenye ramani.

Ukiyasoma matokeo hayo haraka haraka utasema watabiri hawakujua kitu. Mimi sisemi hivyo. Walijua mengi, ila walijibu swali lisilokuwa kwenye mtihani. Walijiuliza ni kijana yupi mwenye kipaji kikubwa zaidi mpira unapokuwa mikononi mwake. Mechi za chuo huuliza jingine: mlinzi huyu ana faida gani kwa timu mpira unapokuwa mikononi mwa mwenzake, au mwa mpinzani?

Mpira mmoja, wenyewe watatu

Kwa msomaji anayeuona mchezo huu kwa mbali: timu huwa na watu watano uwanjani. Warefu hukaa karibu na kikapu. Walinzi, wawili au watatu, hukaa nje. Ndio wanaopandisha mpira, kuanzisha shambulizi na kurusha kutoka mbali, na timu ikipoteza mpira wao ndio wa kwanza kukutana na adui. Katika mechi za vyuo vya wanaume timu ina sekunde 30 za kurusha. Ndani ya sekunde hizo mpira uko kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiwa na walinzi watatu ambao tangu utotoni kila mmoja wao amezoea kuwa ndiye huyo mtu mmoja, wawili watajikuta wamesimama pembeni wakifanya kazi ambayo hawajawahi kuifanya.

Hapo ndipo madaraja ya wanafunzi wa sekondari yanapoanza kupotosha. Tovuti kama 247Sports, Rivals na ESPN huwapanga vijana wa kila mwaka kwa namba na kwa nyota, tano zikiwa za juu kabisa. Watu wanaofanya kazi hiyo ni makini, na huzunguka nchi nzima majira ya joto wakitazama mashindano ya vilabu vya vijana. Lakini wanachokiona huko ni mlinzi mwenye mpira. Anampiga chenga mtu wake, anaruka, anafunga, uwanja unapiga kelele. Hakuna anayepewa nyota ya tano kwa sababu alisimama mahali pazuri kwenye kona ili mwenzake apate njia, wala kwa sababu alimkimbiza mrushaji kuzunguka vizuizi vitatu, yaani wapinzani waliosimama kumzibia njia, na kumzuia asiuguse mpira.

Wagner alikuja na sifa zote ambazo mfumo huo unazipenda. Alitoka Camden, New Jersey, kwenye ukoo wa mpira: babu yake Milt alitwaa ubingwa wa taifa na Louisville mwaka 1986, na baba yake Dajuan alichezea Memphis chini ya John Calipari, kocha yuleyule aliyekuwa sasa Kentucky, kisha akachukuliwa namba 6 kwenye drafti ya 2002. Kwa muda mrefu D.J. mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa wawili watatu wa kwanza wa rika lake. Dillingham, mtoto wa Hickory, North Carolina, alikuwa mwepesi wa mikono na miguu kiasi cha kuwatia kizunguzungu watu wazima, ila mwili wake mdogo uliwatia watabiri wasiwasi. Sheppard ndiye aliyepangwa chini kuliko wenzake hao wawili. Alitoka mji mdogo wa London, ulioko humohumo Kentucky, na wazazi wake wote wawili walichezea chuo hicho. Baba yake, Jeff, alikuwa mchezaji bora wa fainali za 1998. Ilikuwa rahisi kumwona kama hadithi nzuri ya nyumbani, kijana atakayepigiwa makofi akiingia dakika za mwisho. Mlinzi wa nne, Antonio Reeves, alikuwa mtu mzima kati ya watoto: alikuwa amehamia kutoka Illinois State mwaka 2022, akajaribu bahati yake kwenye drafti, kisha akarudi kwa mwaka wa tano.

Lingine lililoyakuza matarajio ya walinzi lilikuwa kuondoka kwa Oscar Tshiebwe. Mzaliwa huyu wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha yake ya sokoni na ya nyumbani, alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akiwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu aliyoidaka, kiwango ambacho kwa mchezo wa sasa ni cha kushangaza. Akiwapo yeye, kazi ya mlinzi ilikuwa nyepesi kuieleza: rusha, ukikosa Oscar ataudaka. Lakini misimu yake miwili iliishia mapema, Machi, kwanza mbele ya Saint Peter's mwaka 2022, kisha mbele ya Kansas State mwaka 2023, na mara zote mbili mashabiki walitoka wakiwalaumu walinzi. Alipoondoka, darasa jipya lililosifiwa kuliko yote nchini lilibeba ndoto na deni kwa pamoja.

Julai kule Toronto

Kisha ukaja majira ya joto. Julai 2023 Kentucky iliiwakilisha Marekani katika mashindano ya GlobalJam mjini Toronto, ikacheza na Kanada, Ujerumani na kikosi teule cha BAL, ligi ya Afrika ambayo fainali zake za miaka hiyo zilikuwa zikichezwa Kigali. Ikashinda zote na kubeba dhahabu. Warefu wake wakuu walikuwa majeruhi, hivyo Calipari, ambaye miaka yote alipenda kuweka warefu wawili ndani, alilazimika kuacha uwanja wazi. Mpira ukakimbia. Reeves akawa mchezaji bora wa mashindano. Watu waliokuwa na mashaka wakaanza kuhesabu pointi zisizokuwapo bado.

Anayefuatilia Simba na Yanga anaijua hali hii: mechi moja ya Wiki ya Mwananchi inatosha kumfanya kiungo mpya aonekane mfalme kabla ligi haijapigwa filimbi. Hata hivyo nadhani Toronto ilistahili kusikilizwa kuliko madaraja, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo walinzi hawa walionekana pamoja, wakigawana mpira mmoja. Iliyokuwa habari kubwa pale ni namna uwanja ulivyofunguka, kuliko ushindi wenyewe. Wachache waliisoma hivyo.

Kompyuta nazo zilikuwa na maoni. Mifumo kama wa Ken Pomeroy na wa Bart Torvik hukadiria nguvu ya kila timu kabla ya msimu kwa kuangalia nani amerudi, alicheza dakika ngapi, na timu ilikuwa na nguvu gani miaka iliyopita. Kwa mchezaji kama Reeves hesabu hiyo ina pa kushika. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza hakuna takwimu za chuo za kutegemea, basi mfumo, kwa kiasi kikubwa, hurudi kwenye madaraja yaleyale ya sekondari. Kosa la macho ya binadamu linaingia kwenye mashine na kutoka upande wa pili likiwa na desimali. Hilo huwapumbaza wasomaji wengi, kwa maana namba yenye desimali huonekana kama imepimwa.

Kilichotokea

Reeves alimaliza msimu na wastani wa pointi 20.2. Dillingham alifunga 15.2 akitokea benchi na kutajwa mchezaji bora wa akiba wa SEC, ligi ambamo Kentucky hucheza. Sheppard alipata pointi 12.5, asisti 4.5 na kuiba mipira 2.5 kwa mechi, na mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 52.1. Naitaja namba hiyo kwa makusudi: mrushaji mzuri wa chuo akifika asilimia 40 hushangiliwa. Akachaguliwa mchezaji bora wa taifa wa mwaka wa kwanza. Februari, ugenini kwa Mississippi State, alifunga pointi 32, zikiwamo mbili za ushindi sekunde ya mwisho. Wagner alibaki na pointi 9.9, na mitupo yake ya mbali haikufika hata theluthi moja.

Sioni haki kusema Wagner alikuwa mchezaji mbaya. Alitunza mpira, alijituma katika ulinzi, na kifundo cha mguu kilimsumbua katikati ya msimu. Shida yake ilikuwa ya mpangilio. Mlinzi asiyeogopwa kwa mbali humpa adui zawadi: mtu anayemkaba anarudi nyuma hatua tatu, anaziba njia ya kila mwenye mpira, na ghafla uwanja wote unabana. Sheppard alifanya kinyume. Alipokuwa kwenye kona bila mpira, mtu wake hakuthubutu kumwacha hata kwa hatua moja, na hatua hiyo ndiyo Dillingham aliyoipitia akielekea kikapuni. Kwenye karatasi kikapu kile kinaandikwa jina la Dillingham. Nusu yake ilikuwa ya Sheppard, ambaye wala hakuugusa mpira. Daraja la sekondari halina safu ya kuandika kitu kama hicho, na kwa walinzi watatu wanaogawana mpira mmoja, hicho ndicho kikubwa.

Kilichonisikitisha ni kwamba Kentucky yenyewe ilikuwa na mifano ya kutosha nyumbani. Msimu wa 2014-15 ilishinda mechi 38 mfululizo kabla ya kuangushwa na Wisconsin kwenye nusu fainali. Walinzi walioanza walikuwa mapacha Andrew na Aaron Harrison, waliopokelewa chuoni kama wafalme. Nyuma yao, akitokea benchi, alikuwa Devin Booker, kijana wa Mississippi ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kurusha vizuri bila kuhitaji mpira kwa muda mrefu. Drafti ilipofika Booker alichukuliwa namba 13, Andrew namba 44, na Aaron hakuchukuliwa kabisa. Miaka miwili baada ya hapo alikuja Mkanada mwembamba kutoka Hamilton, Ontario, aliyepangwa chini ya Quade Green, mlinzi mwenzake wa mwaka wa kwanza. Naye alianzia benchi. Kufikia Machi 2018 alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya SEC, na mwaka 2025 Shai Gilgeous-Alexander alikuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa NBA na bingwa na Oklahoma City.

Wala tusizidishe. John Wall alikuja Lexington, mji wa chuo cha Kentucky, mwaka 2009 akisifiwa kuliko karibu wote wa rika lake, akacheza hivyohivyo, akachukuliwa namba 1. De'Aaron Fox, mlinzi mwingine wa Kentucky, vilevile hakumwaibisha aliyemsifu. Pale ambapo mlinzi ana kasi isiyokuwa na mfano, madaraja huiona mapema na huwa sahihi, kwa sababu kasi ya namna hiyo inafanya kazi popote na pamoja na yeyote. Makosa mengi yapo hatua moja chini yake, kati ya kijana wa 5 na wa 40, ambapo tofauti ya vipaji ni ndogo kuliko tofauti ya namna wanavyoingiliana na wenzao.

Upande ambao haukuandikwa

Basi walinzi wa Kentucky walizidi matarajio. Kwa nini timu haikuzidi?

Jibu liko kwenye ulinzi. Timu ile ilifunga pointi 89 kwa mechi, ya pili nchini kwa wingi, na ikaruhusu karibu 80. Kwa vipimo vinavyozingatia kasi ya mchezo, mashambulizi yake yalikuwa miongoni mwa kumi bora. Ulinzi wake ulikuwa nje ya mia bora. Ishara zilikuja mapema: Desemba, UNC Wilmington iliingia Rupp Arena, uwanja wa nyumbani wa Kentucky, na kuondoka na ushindi wa 80-73. Ukirudi kusoma makala za Oktoba utakuta aya ndefu kuhusu nani atafunga, na sentensi moja, kama ipo, kuhusu nani atamkaba mrushaji wa timu pinzani.

Tarehe 21 Machi 2024, mjini Pittsburgh, mrushaji huyo alipatikana. Jack Gohlke wa Oakland alikuwa na miaka 24, amehamia kutoka Hillsdale, chuo cha daraja la pili, na karibu mitupo yake yote ya msimu ilikuwa ya pointi tatu. Kila mtu ukumbini alijua atafanya nini. Alifunga mitupo kumi ya pointi tatu, pointi 32 kwa jumla, na Oakland ikashinda 80-76. Reeves, mtu mzima wa Kentucky, alifunga 27. Sheppard alifunga 3.

Kumzuia mtu kama Gohlke hakuhitaji mwili wa NBA. Kunahitaji walinzi wawili wanaozungumza. Anayemfukuza anapogongana na kizuizi, mwenzake lazima aseme kabla, "namchukua mimi," na wote wawili wabadilishane bila kusitasita hata nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo ndiyo Gohlke aliyoishi nayo usiku ule. Lugha hiyo ya uwanjani hujifunzwa kwa miaka, mara nyingi baada ya kuumizwa kwa kutoijua, na vijana wa miaka 19 waliokutana Juni hawawezi kuwa nayo Machi hata wawe na vipaji gani. Naamini hilo kuliko ninavyoamini jambo lingine lolote kuhusu mchezo huu.

Tazama waliotwaa taji mwaka huohuo. UConn, chuo cha Connecticut, walikuwa wa 6 kwenye kura ya Oktoba. Tristen Newton alikuwa ametoka East Carolina. Cam Spencer alipitia Loyola ya Maryland na Rutgers kabla ya kufika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa jina la kutisha akitoka sekondari. Kati yao aliwekwa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza mwenye sifa kubwa, Stephon Castle, na kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kumkaba mlinzi bora wa kila mpinzani. Aliikubali. Akaishia namba 4 kwenye drafti, nafasi moja tu nyuma ya Sheppard, akiwa na pete ya ubingwa mkononi.

Walioangushwa na UConn kwenye fainali, 75-60, walikuwa Purdue, nao wana somo lao. Machi 2023 Purdue, wakiwa wamepangwa namba 1 kwenye kanda yao, walitolewa na Fairleigh Dickinson. Walipoteza mpira mara 16 na kufunga mitupo 5 tu kati ya 26 ya mbali. Braden Smith na Fletcher Loyer, walinzi wao wa mwaka wa kwanza, walionekana wamekwisha. Kocha hakuwatupa; aliongeza mmoja mzoefu kutoka Southern Illinois, Lance Jones, na mwaka mmoja baadaye walikuwa fainali. Miaka miwili baadaye Smith alikuwa mchezaji bora wa ligi ya Big Ten. Nyota zake za sekondari zilikuwa zilezile muda wote huo.

Soko la wahamaji

Tangu Aprili 2021, NCAA iliporuhusu mchezaji kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na hasa tangu 2024 ilipoondoa kikomo cha idadi ya kuhama, ubashiri wa walinzi umegeuka sura. Swali la zamani, "huyu wa sekondari ataweza chuo?", limepisha swali la "namba zake za kule zitasafiri?" Linaonekana rahisi zaidi kwa sababu sasa kuna takwimu za chuo. Kentucky yenyewe ilionyesha kwamba si rahisi.

Aprili 2024 Calipari alihamia Arkansas. Wagner alimfuata huko, na Arkansas nayo ilipewa nafasi ya 16 kwenye kura iliyofuata. Ikapoteza mechi tano za kwanza za ligi, Boogie Fland aliyekuwa mchezeshaji wake mkuu akaumia kidole gumba Januari, Wagner akabebeshwa mpira, na timu hiyohiyo ikaishia kwenye kumi na sita bora baada ya kuwatoa Kansas na St. John's. Lexington alikuja Mark Pope, nahodha wa Kentucky iliyotwaa ubingwa wa 1996, akakuta kabati tupu. Akajenga kikosi kizima kutoka sokoni, na waandishi wakampa nafasi ya 23.

Walinzi wake walikuwa na wasifu wa kuvutia. Koby Brea alikuwa mrushaji bora wa pointi tatu nchini msimu uliotangulia, akiwa Dayton, kwa asilimia 49.8. Jaxson Robinson alikuwa mchezaji bora wa akiba wa Big 12 chini ya Pope mwenyewe kule BYU. Lamont Butler wa San Diego State alikuwa mkabaji aliyesifika, na mtupo wake wa sekunde ya mwisho dhidi ya Florida Atlantic ndio ulioipeleka timu yake fainali mwaka 2023. Otega Oweh alikuja kutoka Oklahoma na wastani wa pointi 11.4, akatajwa mwishoni mwishoni.

Oweh ndiye aliyemaliza akiwa mfungaji bora wa timu, kwa pointi 16.2. Mwili wake haukuwa umebadilika. Ni mlinzi mwenye nguvu, anayekwenda moja kwa moja kikapuni, mwenye mikono mepesi ya kuiba pasi. Mtu wa namna hiyo hustawi pale tu ambapo njia iko wazi. Kwa Pope alizungukwa na warushaji ambao hakuna aliyeweza kuwaacha, akapata barabara. Aliyekuwa akitabiri Oktoba kwa kuorodhesha wastani wa kila mmoja aliona 11.4 na kumweka chini; aliyejiuliza Oweh atasimama karibu na nani angeweza kukisia zaidi.

Ndiyo maana siku hizi, orodha za kabla ya msimu zikitoka, huwa sianzii kwenye nyota. Kwa kijana wa mwaka wa kwanza huangalia mitupo huru aliyofunga sekondari, ile anayopewa mtu kurusha bila kukabwa baada ya kuchezewa faulo, kwa sababu mkono unaotulia kwenye mstari ule kwa kawaida hutulia pia kwa mbali baadaye, hata kama bado haujaonyesha. Kwa mhamaji huangalia alipoteza mpira mara ngapi kwa kila asisti, na kama alikuwa akifunga kwa mitupo aliyotengenezewa au aliyojitengenezea, kwa sababu kwenye timu mpya kuna uwezekano mkubwa mpira usiwe wake. Umri wake una uzito kuliko wengi wanavyoupa. Na kwa timu nzima namtafuta mlinzi mmoja aliyewahi kupewa kazi ya kumkaba mtu bora wa upande wa pili na akaipenda. Nisipomwona, nashusha timu hiyo nafasi kadhaa, hata jina la chuo liwe kubwa kiasi gani.

Liko jambo moja ambalo hesabu zote hizo hazifiki. Kerr Kriisa, mchezeshaji wa akiba kutoka Estonia, aliumia mguu Desemba. Bega la Butler lilimtoa na kumrudisha mara kadhaa. Kifundo cha mkono cha Robinson kilihitaji upasuaji na msimu wake ukaishia hapo. Katika msimu wa kawaida wa ligi Kentucky iliifunga Tennessee mara mbili, nyumbani na ugenini. Tarehe 28 Machi 2025, mjini Indianapolis, zilikutana kwa mara ya tatu katika kumi na sita bora, Robinson akiwa benchi na nguo zake za kawaida na Butler akicheza na bega lile lile. Mbele yao alisimama Zakai Zeigler, mlinzi aliyekuwa Tennessee kwa miaka minne, na Chaz Lanier aliyehamia kutoka North Florida. Tennessee ilishinda 78-65.